Mashine Iliyoitwa Thenkyu: kisa cha mchoro wa kidole kwenye geti la godauni

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Shimanzi. Foleni ya vibarua imeshapita geti la godauni la jirani. Mbele kabisa kuna mama amejifunga leso, moja kiunoni na nyingine kichwani. Ananyoosha kidole cha shahada na kukidunga kioo cha mashine ya kusoma alama za vidole kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango. Mashine inawaka nyekundu na kusema jambo kwa Kiingereza, sauti ya mwanamke asiyewahi kuonja joto la Mombasa. Mama anadunga tena, safari hii kwa nguvu. Nyekundu. Anafuta kidole kwenye leso, anadunga mara ya tatu. Nyuma yake kijana anamwambia, "Mama, ibembeleze." Watu wanacheka. Mnyapara hacheki, anatazama saa.

Mashine ikimkubali mtu humshukuru kwa Kiingereza, basi vibarua wakaibatiza Thenkyu. "Leo Thenkyu imenikataa." "Pitia kwa Thenkyu kwanza, ndiyo uje tuongee." Nilipofika pale mara ya kwanza nilidhani Thenkyu ni karani.

Mimi kazi yangu ni kuchora. Mabango ya maduka, stika, menyu za mikahawa, mara nyingine maandishi ya ubavuni mwa matatu. Godauni hilo, ambalo jina lake nitaliacha, ni moja ya yale yanayohifadhi chai inayosubiri mnada au meli. Chai ya Kenya, ya Uganda, ya Rwanda, sehemu kubwa hupitia Mombasa, na magunia hayo hubebwa na watu wanaolipwa kwa siku. Mashine ililetwa ili kuondoa majina hewa kwenye karatasi ya malipo. Jambo zuri. Shida ni kwamba mtu akikataliwa mara nne tano huambiwa asimame kando ili foleni isogee, kisha kazi ikianza husahauliwa, na Jumamosi mashine husema siku fulani hakuja. Amebeba magunia kutwa nzima, mnyapara amemwona, lakini kompyuta haimjui. Kila Jumamosi kukawa na kelele dirishani kwa mhasibu. Ndipo nikaitwa nichore "bango la kueleza mashine".

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipiga picha ile stika iliyokuja na mashine, nikarudi nyumbani, nikaketi kwenye kompyuta na kuichora upya kwa siku mbili. Ya kiwandani ilikuwa na visanduku vinne vilivyopangwa kwa mlalo. Cha kwanza kiganja chenye duara la mistari kwenye kidole kimoja. Cha pili kidole kimesimama wima, na mistari ile ile, na vitao vya kuonyesha mguso. Cha tatu vidole vinne vidogo, kimoja chenye tiki ya kijani na vitatu vyenye X nyekundu. Cha nne kichwa na mabega ya mtu asiye na uso, tiki kubwa kifuani. Chini, maandishi ya Kiingereza madogo kama chawa. Mtu fulani ofisini alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito juu yake: BONYEZA KIDOLE.

Nikaongeza ukubwa, nikanyoosha mistari, nikatia rangi za kupendeza, nikachapisha na kupiga plastiki. Lilikuwa bango zuri kweli. Wiki nzima halikubadilisha chochote. Mama wa leso aliendelea kudunga, na Thenkyu ikaendelea kukataa.

Kilichofuata ndicho kilichopaswa kutangulia. Nikaenda asubuhi tatu mfululizo, nikaketi kwenye kreti karibu na kibanda cha askari wa geti, sina kalamu, nikatazama mikono tu. Wengi hawakulitazama bango hata kidogo. Walitazama mkono wa aliyewatangulia. Kibarua mgeni hujifunza kwa kuiga, na kama aliye mbele yake anadunga, naye atadunga. Asubuhi ya pili nikaona wazee wawili wanafanya jambo jingine kabisa: wanaweka ubavu wa kidole kwenye kioo kisha wanakiviringisha polepole hadi ubavu wa pili. Ilinichukua muda kuelewa. Ndivyo walivyochukuliwa alama walipoenda kutafuta kitambulisho, vidole kumi kwenye wino mweusi, afisa ameshika mkono na kuuviringisha juu ya karatasi. Mkono ulikumbuka. Kwenye mashine hii kuviringisha ni kuiharibia picha, maana inataka kidole kitulie.

Hapa lazima nieleze kidogo mashine yenyewe inafanya nini, kwa sababu bila hilo mchoraji huchora mapambo. Chini ya kile kioo kuna taa na kamera ndogo. Mwanga hupigwa kwenye kioo kwa pembe, na pasipo mguso wote huruka ukarudi kamerani. Pale mstari wa ngozi unapogusa kioo, mwanga hutawanyika, na kamera huona weusi. Kwenye mifereji kati ya mistari kuna hewa, mwanga hurudi, kamera huona weupe. Picha ya kidole, basi, ni ramani ya miguso tu. Kidole kikavu hugusa haba, mistari hutoka imekatikakatika. Kidole kilicholowa jasho, maji hujaza mifereji na picha yote huwa doa jeusi. Tena programu hailinganishi picha nzima kama sisi tunavyotambua sura. Hutafuta mahali mistari inapokoma au inapogawanyika njia panda, na nyingi ya sehemu hizo ziko kwenye tumbo la kidole, ile nyama laini mkabala na ukucha. Anayedunga kwa ncha anaipa mashine kipande ambacho haikuandikishwa nacho. Si kwamba mashine ina kiburi. Haimjui kweli.

Ongeza na kazi yenyewe. Anayebeba magunia ya karatasi miaka kumi, mistari ya vidole vyake imesagika. Vumbi la chai hukausha ngozi. Na uandikishaji ulifanyiwa ofisini, kwenye AC, vidole vimekauka, karani akiwabana watu vidole kwa mkono wake mwenyewe. Kisha mtu huyo huyo anatakiwa kutambuliwa getini kwenye unyevu wa asubuhi, kajasho kanamtoka, peke yake. Kuna watu waliokuwa wameharibikiwa siku ya kwanza kabisa, na hakuna bango duniani ambalo lingewaokoa. Nilimwambia msimamizi waandikishwe upya pale pale getini, na vidole viwili badala ya kimoja, kimoja cha kila mkono. Alikubali nusu shingo upande.

Sasa michoro. Wanaofanya kazi hii kitaalamu wana utaratibu wao. Kuna viwango vya kimataifa vya ISO/IEC 24779 vinavyohusu alama za picha za mifumo ya bayometriki peke yake, yaani ya kumtambua mtu kwa mwili wake, sehemu moja ya vidole, nyingine ya uso. Kuna pia ISO 9186, kinachoeleza namna ya kupima kama watu wanaielewa alama. Kipimo chenyewe ni rahisi kiasi cha kuaibisha: unamwonyesha mtu picha, unamuuliza anadhani ina maana gani, kisha unanyamaza. Usimsaidie, usimpe majibu achague. Marekani, kiwango chao cha alama za usalama kinataka angalau asilimia 85 ya watu waielewe, na wasizidi asilimia 5 watakaoielewa kinyume. Hilo la pili ndilo lililonikaa kichwani. Kutoelewa ni hasara ndogo, mtu huuliza jirani. Kuelewa kinyume ni balaa, kwa sababu mtu hutenda bila wasiwasi.

Nikachukua picha zangu hadi kwa mama anayeuza mahamri na mbaazi ng'ambo ya barabara, ambako vibarua hukaa kabla ya geti kufunguliwa. Nikawa naonyesha picha moja moja, naagiza chai, nanyamaza.

Picha ya kidole kilichosimama wima. Mzee wa kwanza aliitazama akatabasamu: "KANU." Kicheko kibandani. Vijana hawakuelewa, ikabidi mzee aeleze kwamba zama za Moi kidole kimoja juu kilikuwa salamu ya chama, na upinzani ulipokuja miaka ya tisini wakainua viwili. Wa pili akasema, "Hii ni shahada." Na ndiyo, hata jina la kidole chenyewe kwa Kiswahili ni kidole cha shahada, kile kinachoinuliwa katika Sala. Wa tatu akasema picha inamwambia angoje kidogo. Wa nne, aingie mmoja mmoja. Hili la mwisho si baya, lakini si tulilokusudia. Hakuna hata mmoja aliyesema "weka kidole kwenye kioo". Nilikuwa nimechora kidole jinsi kilivyo kwenye katalogi za kiwandani, kimesimama hewani, wakati kazi yake ni kulala.

Duara la mistari nalo. Wenye simu za kisasa walilitambua mara moja, ni lile la kufungulia simu. Wenye kabambe, simu za vibonyezo, waliona kitunguu kilichokatwa. Mmoja aliona konokono. Nililiondoa bila majuto. Mtu anayejiandaa kuweka kidole chake hahitaji kuonyeshwa mistari ya kidole chake.

Kisha ikaja ile ya kiganja, na hapo nikajifunza kitu ambacho sikukisoma popote. Mzee mmoja wa Likoni, mpole, kofia ya kushonwa mkono kichwani, aliitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Mwanangu, mbona waniambia nitoe mkono wa kushoto?" Nikamwambia ni wa kulia. "Huu wa kushoto huu," akasema, akaulaza mkono wake juu ya karatasi kunionyesha. Ukaenea sawasawa, gumba juu ya gumba. Mkono wa kushoto.

Jaribu mwenyewe. Geuza kiganja cha kulia kikutazame, vidole juu: gumba liko upande wa kulia. Sasa kilaze mezani kama unavyokilaza kwenye mashine: gumba limehamia kushoto. Kiwanda kilichora kiganja kwa sababu kilitaka kuonyesha mistari, na mistari iko upande wa kiganja. Lakini mwenye mkono hauoni upande huo anapoutumia. Huona mgongo wa mkono na kucha zake. Kwa hiyo mwenye bidii ya kufuata picha alikuwa analinganisha gumba kwa gumba na kutoa mkono wa kushoto, nao haukuandikishwa. Na hapa kwetu mkono wa kushoto hautolewi ovyo. Hupewi kitu nao, humsalimii mtu nao. Wengine waliutoa kwa aibu na kukataliwa. Mzee huyu alikuwa amekataa kuutoa, akaona afadhali kuacha picha na kufuata adabu, na adabu ilikuwa sahihi kuliko picha.

Nikachora upya mkono kutoka juu, kucha zikionekana, mshipa mmoja wa mgongoni, kifundo cha mkono kikitokea upande wa chini wa karatasi mahali tumbo la msomaji lilipo. Mkono wako mwenyewe kama unavyouona. Kwenye kidole cha shahada nikachora pete ya fedha yenye kito, ile ambayo wazee wengi huvaa mkono wa kulia. Msimamizi aliuliza pete ya nini. Nikamwambia ni ya kuonyesha mkono wa kulia. Akasema basi andika "kulia". Nikaandika pia, lakini pete ilibaki. (Baadaye mtu wa mhasibu alilalamika kwamba vijana wanadhani lazima uwe na pete. Alikuwa mmoja, nami nilimkuta, alikuwa anatania. Hata hivyo niliihamisha pete kwenye kidole cha pembeni, isije ikaonekana ndiyo inayosomwa na mashine.)

Mpangilio wa visanduku uliharibiwa na mzee huyo huyo. Niliweka visanduku vitatu kwa mlalo nikamwomba anisimulie kinachoendelea. Akaanzia upande wa kulia. Mtu anapewa asante, halafu anaweka kidole, halafu anafuta mkono. "Wafuta mkono baada ya kumaliza, kama umekula," akaeleza, na ikawa na mantiki kabisa. Alisoma chuo cha Kurani utotoni, herufi zake za kwanza zilikuwa za Kiarabu, jicho lake huanzia kulia. Sikuwa na haja ya kubishana naye wala ya kuweka mishale. Maandishi ya Kiarabu na ya Kilatini hugombana kuhusu kulia na kushoto, lakini yote mawili huanzia juu. Nikavisimamisha visanduku vikawa vya wima, kimoja juu ya kingine, tatizo likaisha.

Lile lililonitia aibu zaidi lilihusu hina. Kwenye kisanduku cha makosa kulikuwa na kidole ambacho ncha yake imepakwa rangi nyeusi hadi kiungo cha kwanza, na X nyekundu juu yake. Maana iliyokusudiwa: usiweke kidole kichafu. Nilikiacha hivyo hivyo kwenye bango langu la kwanza, hata sikukifikiria. Wiki baada ya Idi wanawake wanaofagia chai iliyomwagika walikuja vidole vimechovywa hina na piko, ncha nyeusi hadi kiungo cha kwanza, sawasawa na picha. Watatu walisimama nje ya geti. Askari alikuwa amewarudisha. "Mashine yakataza hina," aliniambia, akanionyesha bango. Bango langu. Mwanamke mmoja alikuwa ameanza kukwaruza kidole kwenye ukuta wa saruji ili rangi itoke, jambo ambalo lingemfutia mistari ambayo hina haikuigusa. Hina ni rangi iliyoingia ngozini, haiondoi mistari. Wote watatu walikubaliwa na Thenkyu walipojaribu.

Huko ndiko kuelewa kinyume. Na kosa halikuwa la askari. Picha ya hali, yaani kidole kikiwa hivi au vile, humwacha mtu akisie sababu. Picha ya kitendo humwambia afanye nini. Nikaiondoa ile ncha nyeusi, nikachora leso inayofuta kidole. Leso yenyewe nikaipa pindo na mji wake ili ijulikane ni leso na si karatasi ya chooni. Kufuta kunatosha kwa uchafu na kwa jasho, huhitaji picha mbili. Kwa kidole kikavu sikuchora kitu. Nilijaribu tone la maji, watu wakadhani wanaambiwa wanawe, au wasinawe, na kijana mmoja tayari alikuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kukiweka, sikutaka kumpa kibali.

X zote nikazitoa. Watu waliosoma shule wanajua X ni kosa, mwalimu aliwapigia nyingi. Lakini muulize mtu ambaye kalamu huishika siku ya kura tu. Kwenye karatasi ya kura unaweka alama pale kwa yule unayemtaka, wengine tiki, wengine X. Mama mmoja kibandani, alipoona vidole vitatu vyenye X na kimoja chenye tiki, alisema vitatu vimeshinda.

Rangi nilizipitia haraka. Nyekundu na kijani zina taa tayari kwenye mashine yenyewe, na wapo wanaume wasioweza kuzitofautisha, kwa hiyo mchoro wangu haukutegemea rangi. Mweusi juu ya njano. Njano hupauka kwa jua, nililijua hilo.

Saa ya ukutani niliyoichora kumaanisha "subiri kidogo, usitoe kidole" ilifeli bila huruma. Kila aliyeiona alisema inakumbusha watu wasichelewe, na ilivyo getini nani angewalaumu. Nikaacha kutafuta alama ya muda. Nikachora mkono ule ule mara mbili, haujasogea hata chembe, ila taa ya mashine imebadilika kutoka tupu hadi yenye miale. Watu walisema, "Anangoja iwake." Basi.

Lakini kama utaniuliza nini hasa kilichobadilisha foleni ile, nitakuambia ni neno moja, wala halikuwa mchoro. Ile BONYEZA KIDOLE. Bonyeza ni neno la kengele, la swichi, la kuangalia kama embe limeiva. Mwambie Mswahili abonyeze, atatumia ncha na atatumia nguvu. Nilimwona mama wa leso akitii maandishi yale kwa uaminifu mkubwa kuliko yeyote. Nikaandika LAZA KIDOLE. Kulaza ni kwa mtoto, ni kwa kitu unachotaka kitulie. Siku ile ya kwanza mama alisimama mbele ya bango, akatamka kwa sauti, "Laza," akalaza. Kijani. Hakushangilia. Aliitazama mashine kama anayemtazama mkwe aliyechelewa kuamkia.

Mambo mawili hayakuwa ya mchoraji, lakini mchoraji asipoyasema hakuna atakayeyasema. Mashine ilikuwa imefungwa ukutani usawa wa kifua cha mtu mrefu, ikitazama mashariki. Wafupi walilazimika kuinua mkono, na mkono ulioinuliwa hugusa kwa ncha hata ukitaka kulaza. Na jua la asubuhi lilipiga moja kwa moja kwenye kioo ambacho kinategemea kuona mwanga wake chenyewe. Ilihamishiwa ukuta wa ndani, usawa wa kiwiko. Sauti pia. Fundi alibadilisha ile ya kukataa ikawa Kiswahili, "Futa, kisha laza tena." Alitaka kubadilisha na ya kushukuru, vibarua wakagoma. Thenkyu ni Thenkyu, na mtu aliye nyuma ya foleni huisikia akajua inasonga.

Robo ya chini ya bango niliipa daftari. Hilo lilinigharimu mabishano, kwa sababu msimamizi aliona kuchora daftari ni kukiri kwamba mashine inashindwa. Inashindwa. Kila mashine ya vidole ina watu isiowasoma, na wengi wao ni walewale waliofanya kazi ya mikono muda mrefu. Nchi nzima ililiona hilo uchaguzi wa 2013, vifaa vya kutambua wapiga kura vilipokwama vituo vingi na sajili ya karatasi ikarudi mezani. Stika ya kiwandani ilitumia karibu nafasi yake yote kumwonyesha mtu ambaye mambo yake yamekwenda vizuri, na mtu huyo hana haja ya bango. Geti si kama uwanja wa ndege ambako kila anayepita ni mgeni. Hapa ni watu walewale kila siku, na baada ya wiki moja anayelitazama bango ni mgeni au aliyekwama. Nikamchorea aliyekwama: mtu amesimama na mnyapara, daftari limefunguliwa kati yao, kalamu iko mkononi mwa mnyapara. Chini yake, "Ikikataa mara mbili, andikwa hapa. Siku yako haipotei." Sentensi ya pili nililazimika kumwandikia msimamizi barua kuitetea. Nilimkumbusha pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka data za bayometriki katika kundi la taarifa nyeti, na mtu ana haki ya kujua zinachukuliwa kwa kazi gani. Mstari mmoja ukaongezwa juu ya mashine: kidole chako ni cha kuhesabu siku zako za kazi, basi. Nilitaka kuchora na hilo, nikashindwa. Sijui picha ya "basi" inafananaje.

Jumamosi kelele zimepungua, hazijaisha. Mzee wa Likoni bado hasomeki, kidole cha kulia wala cha kushoto, ngozi yake imekuwa laini kama kokoto ya ufuoni. Yeye hupita moja kwa moja kwenye daftari, na mnyapara humwandika kabla hajafika.

Juzi nilipita tena kuangalia kama njano imepauka. Imepauka. Pembeni ya mkono wenye pete, mtu ameandika kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa, mwandiko wa haraka: SI KENGELE. Msimamizi aliniomba radhi, akasema atamtafuta aliyeharibu. Nikamwambia asimtafute. Nakala mpya ziko kwa mchapishaji, na maneno hayo nimeyaweka pale pale yalipokuwa.